Nuru Hii Msiiite Mionzi



Katika kikao chetu kilichopita tuligawiwa karatasi tatu zilizopigwa chapa safi, zenye kichwa kinachosema kwamba ni istilahi za tiba kwa walimu na wakalimani. Nilizipokea kwa furaha, maana najua waliozitayarisha walifanya kazi hiyo usiku, bila malipo, baada ya kusahihisha madaftari ya wanafunzi wao. Lakini katika ukurasa wa pili, mstari wa kumi na moja, nilikutana na ile rangi ambayo madaktari huidunga mwilini ili ing'ae chini ya nuru isiyoonekana kwa macho. Imepewa jina "rangi ya mionzi". Basi, maneno matatu, wala hapana hata nusu sentensi ya maelezo. Nilinyosha mkono kupinga. Mwenyekiti wa kikao alinijibu, kwa upole wake wa kawaida, kwamba saa zimekwisha, na kwamba istilahi ni istilahi. Wenye fani watajua wenyewe maana yake. Sikuridhika siku ile wala sijaridhika leo, ndipo nikaomba nafasi katika kurasa hizi.

Msomaji ataniuliza kwa nini nafanya kelele kwa ajili ya neno moja. Nitamweleza yaliyonifika.

Mwaka 2023 nilimsindikiza dada yangu mkubwa mpaka India kwa matibabu ya saratani ya titi. Watu wa nchi zetu waendao huko ni wengi, na hospitali kadhaa za huko zimeajiri wakalimani wa Kiswahili, jambo ambalo sisi tuifundishayo lugha hii twaweza kujivunia. Mkalimani wetu alikuwa kijana mwenye adabu, mzaliwa wa huko huko, aliyejifunza Kiswahili vitabuni na ambaye hajapata kukanyaga Afrika. Siku moja kabla ya upasuaji daktari alikuja kitandani akaeleza kwa Kiingereza mambo yatakayofanyika. Mimi sikuwapo, nilikuwa kwenye dirisha la malipo. Kijana akafasiri akasema: "Mama, kesho utadungwa rangi ya mionzi, halafu utamulikwa, halafu utapasuliwa." Dada akatia sahihi. Upasuaji ukaenda salama, uvimbe ukatolewa, titi likabaki, tukarejea nyumbani tukimshukuru Mungu.

Baada ya wiki kadhaa madaktari wa hapa wakamwambia kwamba, kwa kuwa titi halikuondolewa lote, sasa yampasa apewe tiba ya mionzi ili mabaki ya ugonjwa yasipate kuota tena. Akakataa. Tukadhani ni woga. Tukamletea shangazi, tukamletea mchungaji, tukamletea na jirani aliyepona, akakataa. Miezi miwili ilipita hivyo, na katika ugonjwa kama ule miezi miwili si kitu cha kuchezea. Jioni moja, nilipokuwa nimechoka kumbembeleza, akaniambia kwa hasira: "Mionzi nilishapigwa kule India. Nilidungwa sindano yake, nikamulikwa, nikatia na sahihi. Ninyi mwataka niunguzwe mara ya pili kwa kosa gani?"

Nilikaa kimya kwa muda. Kisha nikampigia simu yule kijana nikamwuliza alikolipata lile neno. Hakuwa na hila. Alinitumia picha ya ukurasa wa kijitabu cha kufundishia wakalimani, na neno lilikuwamo humo, "rangi ya mionzi", kama lilivyo katika karatasi yetu. Kijitabu kile kiliandikwa na walimu wa Kiswahili, watu kama mimi na wewe. Nasi tumelinakili kosa lao herufi kwa herufi.

Sasa tuitazame rangi yenyewe, maana naamini kwamba walioiita hivyo hawajapata kuitazama.

Iliyotumiwa kwa dada yangu huitwa indosiyanini ya kijani. Ni unga unaotiwa katika kichupa, kwa kawaida miligramu 25, na ukichanganywa na maji hugeuka kijani kibichi kilichokolea, mfano wa maji ya kisamvu. Si kitu kipya. Chanzo chake ni maabara za Kodak, kampuni ya Marekani iliyojishughulisha na picha. Mwaka 1957 madaktari wa Mayo Clinic waliieleza kwa mara ya kwanza kama rangi ya kupimia kiasi cha damu kinachosukumwa na moyo, na mwaka 1959 ikapewa idhini ya kutumiwa kwa wagonjwa nchini Marekani. Ikiingia katika damu hushikamana na protini za damu, husafiri nazo, kisha ini huichuja na kuitupa katika nyongo. Figo hazihusiki. Ukidungwa mshipani, nusu yake huwa imekwisha ondoka katika damu kwa muda wa dakika tatu au nne. Ina chumvi kidogo ya ayodini, na ndiyo maana mgonjwa huulizwa kwanza kama ayodini humdhuru.

Ajabu yake iko katika nuru. Jicho la mwanadamu huona nuru ya urefu wa wimbi wa kati ya nanomita 400 na 700 hivi, kuanzia zambarau mpaka wekundu. Na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Kupita wekundu jicho halioni kitu, lakini nuru ipo. Aliyeigundua ni William Herschel, mwaka 1800, aliyeutawanya mwanga wa jua kwa kipande cha kioo cha pembe tatu akaweka vipimajoto katika kila rangi. Kile alichokiweka nje ya wekundu, mahali palipoonekana pana giza tupu, ndicho kilichopanda kuliko vyote. Vitabu vyetu vya fizikia huiita nuru hiyo infraredi, nami sina ugomvi na neno hilo. Ile sehemu iliyo karibu na wekundu ndiyo inayotuhusu. Indosiyanini ikimulikwa kwa nuru ya karibu nanomita 800, huimeza, kisha huitoa ikiwa imegeuka kidogo, karibu nanomita 830. Zote mbili, iingiayo na itokayo, hazionekani kwa jicho. Kamera maalumu huiona ya pili na kuizuia ya kwanza, kisha huonyesha picha kwenye kioo.

Hapa nataka wenzangu wasimame kidogo, kwa kuwa neno "rangi" lenyewe latutega. Rangi hii ni ya kijani chupani. Ikiwa mwilini hung'aa kwa nuru isiyo na rangi yoyote machoni petu. Na kwenye kioo cha mashine huonekana ya kijani tena, au buluu, au nyeupe, kwa sababu tu mwenye kutengeneza mashine amechagua iwe hivyo. Kijani cha chupani na kijani cha kwenye kioo havina udugu hata kidogo. Nimewasikia watu waliosoma wakisema kwamba rangi hii "hung'aa kijani". Haing'ai kijani. Na jina lake la kigeni, kwa wale wanaodhani kwamba majina ya kigeni yote yamepimwa kwa mizani, lina neno la Kigiriki la buluu katikati yake na neno la kijani mwishoni. Buluu ya kijani inayong'aa bila rangi! Wenye jina hilo hawajaona haya, wala upasuaji haujasimama.

Kwa nini madaktari wahangaike na nuru isiyoonekana, ilhali ionekanayo ipo tele? Jibu kila mtoto wa kijijini analo mkononi. Usiku, umeme ukikatika, mtoto huchukua tochi akaifumba kiganjani, na vidole huwaka wekundu. Nuru ya tochi ni nyeupe, yenye rangi zote. Damu huzimeza buluu na kijani, wekundu ukapita. Ukisogea mbele kidogo kupita wekundu, baina ya nanomita 700 na 900 hivi, damu humeza kidogo zaidi. Ukizidi sana kusogea, maji yaliyomo mwilini huanza kuimeza nuru. Kwa hiyo, baina ya tamaa ya damu na tamaa ya maji, mna dirisha, na nuru ya dirisha hilo hupenya nyama kwa kadiri ya sentimita moja hivi na kurudi ikiwa na habari. Tena nyama zenyewe haziwi na mng'ao mkubwa katika dirisha hilo, hivyo rangi ikiwa ndani huonekana kama taa moja katika mtaa wenye giza.

Katika saratani ya titi kazi yake ni hii. Uvimbe unapotaka kusambaa, aghalabu seli zake hupita kwanza katika mifereji ya limfu hadi kwenye tezi za kwapani. Tezi ya kwanza kupokea maji ya limfu kutoka upande wa uvimbe ndiyo mlinzi wa lango: ikikutwa safi, yamkini nyingine nazo ni safi, na hapana haja ya kufagia kwapa lote. Kufagia kwapa huweza kumwachia mwanamke mkono wenye uvimbe maisha yake yote. Na mwanamke wa kwetu, mwenye jembe, ndoo na mchi, ajua thamani ya mkono. Lakini tezi ile ni ndogo, imefichwa katika mafuta, nazo tezi zote zafanana. Basi daktari hudunga rangi karibu na chuchu, husubiri dakika chache, na kamera huonyesha mfereji uking'aa kuelekea kwapani na tezi ya kwanza ikiwaka. Mwaka 2005 madaktari wa Japani walitangaza matokeo ya njia hii kwa wagonjwa 18. Kwa wagonjwa 17 tezi ilipatikana. Tangu hapo njia imeenea sana.

Sasa, ndugu zangu walioandika "rangi ya mionzi", sikieni jambo ambalo lingewazuia kama mngeuliza. Kwa kazi hii hii ya kutafuta tezi ya kwanza iko njia nyingine, ya zamani zaidi, na hiyo ina mionzi kwelikweli: mgonjwa hudungwa kiasi kidogo cha dawa yenye teknesi, kitu kinachotoa mionzi halisi, na daktari huitafuta tezi kwa chombo kinacholia. Njia hiyo ni nzuri na imewafaa wengi, lakini yahitaji idara yenye vibali vya kuhifadhi vitu vya mionzi, na vitu hivyo havikai: nguvu ya teknesi hiyo hupungua nusu kila baada ya saa sita. Indosiyanini hukaa kabatini katika unga wake. Moja ya sifa zake, hasa kwa hospitali ambazo hazina idara ya namna ile, ni kwamba haina mionzi! Sifa hiyo ndiyo tuliyoifuta kwa mstari mmoja wa taipureta. Mgonjwa akipewa njia ya teknesi tutamwambia nini? "Rangi ya mionzi yenye mionzi"?

Najua jibu litakaloletwa, maana nililisikia mlangoni baada ya kikao. Mionzi, niliambiwa, ni neno letu la asili kwa miale; jua lina mionzi, koroboi ina mionzi; kamusi ni shahidi. Ni kweli, nami naiheshimu kamusi. Lakini mgonjwa haendi hospitalini na kamusi kwapani. Hospitalini neno hili limekwisha ajiriwa. Ndilo lililobandikwa kwenye mlango wenye alama ya mapanga matatu; ndilo linalotajwa mjamzito anapoulizwa hali yake kabla ya kupigwa picha ya kifua; ndilo linaloitwa tiba, na tiba hiyo huacha ngozi imeiva. Nuru ya indosiyanini haimo katika ukoo huo. Chembe moja ya nuru hiyo ina nguvu ya kadiri ya elektronivolti moja na nusu. Chembe ya eksirei ya hospitali hufikia makumi ya maelfu. Ile ya pili yaweza kung'oa elektroni katika atomu na kuharibu urithi wa seli. Ile ya kwanza, kwa kipimo kinachotumika kupiga picha, haina uwezo huo. Ikizidi sana, kazi yake ni kutia joto. Kuziita zote mionzi kwa hoja kwamba zote ni miale ni sawa na kuuita umande mafuriko kwa hoja kwamba yote ni maji.

Tena nuru ya namna hii si mgeni kwetu. Kila aliyelazwa wakati wa Korona alibanwa kidole kwa kile kidude kinachopima oksijeni. Hicho hupitisha nuru mbili kidoleni, moja nyekundu ya nanomita 660 na nyingine ya infraredi ya karibu, kwa kawaida 940. Hakuna aliyerudi nyumbani akisema amepigwa mionzi ya kidole. (Kidude hicho, kwa njia, kina dhambi yake: uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba mara nyingi zaidi kiliwahesabia wagonjwa weusi oksijeni kuliko waliyokuwa nayo kweli. Mwenye kudhani kwamba habari za nuru na ngozi ni za Wazungu peke yao na alitafakari hilo.) Na rimoti ya televisheni, je? Mwalimu achukue rimoti, aielekeze kwenye kamera ya simu, hasa ile ya mbele, abonyeze. Katika simu nyingi darasa litaona kitaa kikiwaka kwenye kioo, na wakitazama rimoti kwa macho yao hawaoni kitu. Somo la dakika mbili, bila gharama, na baada yake hakuna mwanafunzi atakayeniambia kwamba nuru isiyoonekana haielezeki kwa Kiswahili.

Mwenzetu mmoja, mtu wa sarufi, alikubaliana nami kwamba mionzi haifai, akapendekeza "rangi ing'aayo". Huyu amekaribia, na namshukuru. Lakini yeye hasa, kwa kuwa ni mtu wa sarufi, asingepaswa kukosea. Urejeshi katika "ing'aayo" wasema kwamba kung'aa ni tabia ya kitu hicho wakati wote, kama nyota zing'aazo. Rangi hii haing'ai kamwe ikiachwa gizani. Kimulimuli hujitengenezea nuru yake mwenyewe. Rangi hii haijitengenezei. Macho ya paka usiku huirudisha nuru ya taa kama yalivyoipokea. Rangi hii huipokea moja ikatoa nyingine. Haiwaki, wala haiakisi. Lugha yetu ina chombo kilichofanywa kwa ajili ya jambo hili, nacho twakifundisha kila mwaka: ile -ki- ya masharti ikifuatwa na hu- ya mazoea. Rangi ikimulikwa, hung'aa. Maneno matatu yale yale, kwa hesabu ile ile ya karatasi yetu, na ndani yake mna sharti, mna tendo, na mna jibu la swali la mgonjwa. Kwa vitabu vya chuo tuchukue neno fluoresensi tulitohoe na lituelee; kitandani mwa mgonjwa tuseme: rangi ikimulikwa, hung'aa.

Na msione haya kutohoa. Wako wengine, upande wa pili wa ugomvi huu, wanaotucheka wote na kusema kwamba mambo haya yana lugha yake, nayo ni Kiingereza. Hao nawaomba watazame Kiingereza chenyewe kilipolipata neno hilo. Mwaka 1845 John Herschel, mwana wa yule Herschel wa vipimajoto, alieleza jinsi maji yenye kwinini yanavyotoa mng'ao wa buluu juani. Ndiyo, kwinini, dawa chungu ya malaria ambayo wazee wetu waliinywa wakikunja uso. Mwaka 1852 George Stokes, mwalimu wa Cambridge, alionyesha kwamba nuru itokayo katika kwinini si ile iliyoingia, imegeuzwa. Kiingereza hakikuwa na neno la jambo hilo. Stokes akaliunda, katika tanbihi, chini ya ukurasa, akaliazima kutoka jina la jiwe, florspa, ambalo baadhi ya vipande vyake hufanya mzaha huo huo wa nuru. Hilo ndilo neno wanalolipigia magoti. Mwingereza aliazima kwa jiwe; nasi tukiazima kwa Mwingereza twaambiwa lugha yetu ni maskini.

Mwenye kutaka kuyaona aliyoyaona Stokes aende dukani kwa muuzaji mwenye ile taa ya kukagulia noti bandia, anunue na chupa ya soda ya toniki, ambayo imetiwa kwinini. Aimulike mahali penye kivuli. Buluu atakayoiona haimo sodani, wala katika taa haimo kwa kiasi hicho.

Limebaki pingamizi moja lenye nguvu, nami sitalikwepa. Zipo rangi ambazo zikimulikwa haziishii kung'aa, huua. Mwaka 2011 Hisataka Kobayashi na wenzake, katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, walichapisha habari ya rangi iitwayo IR700 waliyoifunga kwenye kingamwili inayoitambua seli ya saratani. Kingamwili huibeba rangi mpaka kwenye utando wa seli mbaya. Ikimulikwa kwa nuru ya nanomita 690, ukingoni mwa wekundu, molekuli ya rangi huvunjika na kupoteza vile viungo vinavyopenda maji, hubadilika umbo, na utando wa seli huchanika. Seli hufura ikapasuka, na jirani yake ambaye hakubeba rangi husalimika. Japani iliidhinisha tiba hiyo mwezi wa Septemba mwaka 2020 kwa baadhi ya saratani za kichwa na shingo ambazo haziwezekani kupasuliwa au zimerudi. Mgonjwa hupewa dawa kwa dripu, na siku ya pili yake humulikwa. Na kwa kuwa nuru haipenyi mbali, nyuzi nyembamba za kupitishia nuru huingizwa ndani ya uvimbe kwa sindano.

"Haya," nitaambiwa, "nuru inayoua saratani ni nini kama si mionzi?" Nami nasema hapa ndipo kosa linapozidi kuwa baya. Mionzi ya tiba huua kila inapopita kwa kadiri yake, iwe seli nzuri au mbovu, na ufundi wote wa daktari ni kuielekeza. Nuru hii peke yake haiui seli hata moja. Wala dawa peke yake, gizani, haifanyi kazi hiyo. Mpaka vikutane. Na kwa kuwa hukutana hata mahali tusipotaka, mgonjwa ana masharti. Iko dawa ya mtindo wa zamani zaidi, Photofrin, ifanyayo kazi kwa nuru nyekundu. Aliyedungwa hiyo yampasa ajilinde na jua na taa kali kwa siku zisizopungua 30, kwa sababu dawa imo katika ngozi yake, na jua la saa sita ni nuru tosha. Aliyedungwa indosiyanini kwa ajili ya picha hana sharti kama hilo. Wapeni wagonjwa hawa wawili jina moja, "rangi ya mionzi", kisha warudisheni nyumbani, mmoja shambani, mwingine sokoni. Yupi atajua kwamba lazima ajifunike? Mwenyekiti alisema wenye fani watajua wenyewe. Wenye fani hubaki hospitalini. Aendaye shambani ni mgonjwa, na alichobeba ni maneno ya mkalimani.

Sisi tulio nje ya pwani tumezoea kuomba radhi kwa Kiswahili chetu. Hapa Uganda kwa miaka mingi kilijulikana kuwa lugha ya kambi na ya soko, na wako waliokiogopa kwa sababu walikisikia kwanza kinywani mwa mwenye bunduki. Mwezi wa Julai mwaka 2022 Baraza la Mawaziri lilikubali kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Tulipiga makofi, mimi mmoja wao. Lakini lugha rasmi huingia hospitalini pia, na ikiingia na neno la uongo, yule aliyeiogopa zamani atakuwa na sababu mpya.

Kwa hiyo naomba mambo machache tu. Mstari wa kumi na moja ufutwe, na karatasi zilizokwisha gawiwa zisahihishwe kwa kalamu. Sote twajua zilikokwenda. Kila istilahi ya tiba iandikwe pamoja na sentensi moja ambayo mkalimani aweza kumwambia mgonjwa mzee kitandani, na sentensi hiyo isomwe kwanza na daktari na mgonjwa, kabla ya kufikishwa kwetu sisi wenye kupenda viambishi. Neno mionzi liachiwe kazi yake. Kama kuna mwenzetu mwenye jina zuri kuliko langu kwa ajili ya rangi hii, alilete. Silipendi langu kiasi cha kuligombania.

Dada yangu alianza tiba ya mionzi mwezi wa tatu tangu alipoambiwa. Siku ya kwanza, mlangoni, alimwuliza kijana wa mashine: "Mwanangu, hii ndiyo mionzi yenyewe?" Akajibiwa, "Ndiyo, mama, hii ndiyo." Akaingia.

Yule mkalimani naye nimemwandikia, na amekwisha sahihisha kijitabu chake; ameniuliza maneno mengine manne ambayo sina jibu lake bado. Nitayaleta katika mkutano ujao, pamoja na rimoti, simu, taa ya noti na soda ya toniki. Walioandika zile karatasi nawaomba wakae mstari wa mbele.